Uma wa Baiskeli ya Mahari

Siwapendi watu wanaosema baiskeli za zamani zilikuwa imara. Mimi nilizitengeneza. Najua zilikuwa na nini chini ya rangi.

Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji, baiskeli tuliiita kinga, na mdomo wangu haujazoea jina lingine hadi leo. Nilikuwa fundi wa chuma katika karakana ya mgodi. Tangu king'ora cha asubuhi hadi cha alasiri nilikuwa mtu wa kampuni. King'ora cha pili kikilia nilikuwa mtu wangu mwenyewe, na jiliwa langu, kile chuma cha kubania vitu, lilikuwa linaningoja chini ya kipande cha bati nyuma ya nyumba yangu katika kambi ya wafanyakazi. Hapo nilikuwa na kazi moja tu: kuchukua baiskeli kuukuu za mashindano, zile nyembamba za Wazungu, na kuzigeuza ziwe za mtu kwendea kazini, sokoni na kanisani.

Wazungu walishindana siku za Jumapili kwenye barabara za lami za upande wao wa mji. Sisi tulisimama nyuma ya kamba tukitazama. Baiskeli ikishaanguka mara mbili, au mwenyewe akishanenepa, ilitupwa kwenye banda la gari, na mwishowe akapewa mpishi au dobi wa nyumba hiyo kama zawadi. Aliyepewa alitakiwa ashukuru kwa mikono miwili. Shukrani zile zinaniuma mpaka leo. Zawadi yenyewe haikuwa na kengele, haikuwa na taa, haikuwa na mabati ya kuzuia matope, kiti chake kilikata makalio, na ukiipanda ulilazimika kuinama kama mtu aliyeangusha funguo. Mtu mzima mwenye koti na kofia hawezi kupita kambini ameinua matako juu kuliko kichwa. Watu walisema kinga ya namna hiyo iko uchi. Basi waliniletea, nami niliivisha.

Usukani wenye pembe za kondoo ndio nilioutoa kwanza. Wavivu waliugeuza tu ukatazama juu, wakaridhika. Mimi niliupasha moto, nikaunyoosha kwenye jiliwa hadi mwenye kinga aweze kukaa wima. Nilitoa mtambo wa kubadilishia meno, maana vumbi letu jekundu liliumaliza kwa wiki mbili, nikabakiza duara moja la meno na kukata mnyororo uwe mfupi. Matairi ya mashindano yalikuwa yamebandikwa kwa gundi, membamba kama kidole. Niliyatupa pamoja na rimu zake nikaweka magurudumu ya kawaida, na kwa kuwa breki hazikuyafikia tena, nilizichongea mikono mirefu zaidi. Halafu zikaja nguo zenyewe: mabati ya matope, kengele, dinamo na taa, kifuniko cha mnyororo kilichokatwa kwenye bati la mafuta ya mawese, na nyuma kile chuma cha kubebea mizigo, ambacho sote tulikiita portbagaji. Nilipaka rangi nyeusi mara tatu. Mwisho nilichora mstari mwembamba wa njano kwa unyoya wa kuku. Asiyejua alidhani imetoka dukani leo. Nilijivunia jambo hilo kupita kiasi, na majivuno hayo ndiyo yaliyoniponza.

Nilitaka kuoa. Msichana alikuwa wa familia ya Kasai, Wakatoliki, waliofika kwa kazi ya mgodi tangu baba yake akiwa kijana. Mimi ni mtu wa kaskazini mwa Katanga na nilisali kwa Waprotestanti, kwa hiyo kambini walitucheka kwa sababu zote mbili. Alikuwa anashona kwa masista. Alikuwa na tabia ya kutazama kitu kimya kwa muda mrefu kabla ya kusema neno juu yake, na neno likija lilikuwa la kweli. Mimi ninayesema kabla ya kufikiri nilimpenda kwa hilo hasa.

Baba yake alikuwa karani wa ghala la kampuni. Kazi yake ilikuwa kupokea vitu, kamba, misumari, buti, na kila kitu alikipitishia kidole gumba kabla ya kutia saini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba Wazungu wa ofisini walimpa barua zao aziandike upya. Alipotaja mahari, alitaja kinga moja, mpya. Mengine niliyapata. Kinga mpya sikuipata, kwa sababu kule kazini ziligawiwa kwa orodha, orodha iliandikwa na kapita wangu, msimamizi wa karakana, na kapita wangu nilikuwa nimemjibu vibaya mbele ya watu. Ningengoja mwaka. Baba yake hakuwa mtu wa kungoja mwaka, maana kulikuwa na karani mwingine, Mkatoliki, aliyekuwa anapita kuwasalimu kila Jumapili baada ya misa, na viatu vyake vilikuwa safi.

Ndipo Mzungu mmoja wa ofisi ya ramani alipovunjika bega katika mashindano. Nilikuwa nimemtengenezea mke wake cherehani, kwa hiyo mume akanipa baiskeli yake. Nilishukuru kwa mikono miwili, kama wale niliowacheka.

Ilikuwa baiskeli nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Niliivisha kwa mwezi mzima, kwa subira ambayo watu wa kambini hawakuniamini kuwa ninayo. Tatizo lilikuwa moja, uma wa mbele, yale matawi mawili ya chuma yanayoshika gurudumu. Ulikuwa umebana kwa ajili ya tairi jembamba, na tairi la kawaida halikupita. Nilikuwa na uma mwingine, mnene, uliotoka kwenye kinga ya mizigo ya mchuuzi mmoja. Ulikuwa unaning'inia kwenye msumari ukutani. Ungeingia, ulihitaji tupa na alasiri moja tu. Niliujaribu, nikarudi nyuma hatua tatu kuutazama. Ile fremu nyembamba yenye uma ule ilikuwa kama mtu aliyevaa buti za mwenzake. Karani wa ghala angeona mara moja kwamba hii ni kinga ya kuungaunga. Nikaurudisha msumarini.

Nilichukua uma wa mashindano, nikauchoma kwa moto wa gesi hadi ukawa mwekundu, nikautanua. Fundi yeyote anajua kwamba bomba jembamba namna ile likishakula moto mwingi halirudii nguvu yake. Nilijua. Nilijiambia kwamba hii ni kinga ya mjini, ya nyumbani hadi ghalani na ghalani hadi kanisani, mtu mmoja na kofia yake. Kwa safari hizo ingedumu miaka. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonipa usingizi.

Kwetu, na kwao vilevile, anayeposa hasemi na baba wa binti mpaka ndoa ifungwe. Anayesema ni mshenga. Ukikutana na mkwe njiani unashuka kwenye kinga, unasimama kando, unainamisha macho hadi apite. Mshenga wangu alikuwa baba yangu mdogo, mtu wa maneno matamu, aliyependwa katika kila posa kambini kwa sababu hakuna aliyetoka kwake amekasirika. Siku moja kabla ya kupeleka mahari nilimwita nyuma ya nyumba.

"Tata, ubaambie hii kinga ni ya mutu moja," nilimwambia, maana baba mdogo naye tunamwita Tata, baba. "Isibebe bitu bizito."

Alinitazama kama nimetukana. "Mutu anapeleka mbuzi kwa bakwe, anasema mbuzi iko mugonjwa? Ulisikiaka wapi?"

"Tata, njo ukweli."

"Ukweli utabaambia bakwe wakati umekwisha kuoa. Kesho ni mi ninasema. We unaangalia chini."

Sikubishana naye. Ninajulikana kambi nzima kwa kubisha, nilibishana na kapita, nilibishana na mchungaji, lakini siku hiyo sikubishana.

Kesho yake, Jumamosi alasiri, tuliketi kwenye uwanja wao mdogo, wao kwenye viti, mimi kwenye mkeka. Kinga iliegeshwa ukutani, na jua likaupiga ule mstari wa njano. Wanawake waliisifu. Baba yake aliinuka, akaizunguka. Nilikuwa natazama mkeka, lakini nilikuwa namsikia. Alipiga kengele mara moja. Aligonga portbagaji. Kisha akakaa kimya, nami nilijua kidole gumba kimefika kwenye uma.

"Hii iko nyembamba," alisema.

"Chuma ya Ulaya, Tata," baba mdogo alijibu bila kupumua. "Nyembamba lakini nguvu. Inabeba mutu, bibi yake, na gunia juu."

Watu walicheka, vigelegele vikapigwa, mkwe akarudi kitini ameridhika. Kulikuwa na nafasi hapo. Ningeweza kuinua kichwa na kusema maneno manne. Wangeshangaa, wangesema huyu hana malezi, labda wangeahirisha kila kitu. Adabu ilinitaka ninyamaze, na sijawahi kuitii adabu kwa furaha kama siku ile.

Mahari ikapokelewa. Ndoa ilipangwa baada ya mvua, masista wakaanza kumshonea binti shela, na padre akaanza kunifundisha mimi katekisimu.

Kilichofuata nilikiona kwa macho yangu mwenyewe, kidogo kidogo, kwenye barabara ya vumbi kati ya kambi na ghala. Mara ya kwanza nilipokutana na mkwe juu ya kinga ile alikuwa amekaa wima, kofia kichwani, kiti kimevikwa kitambaa cha bluu ambacho binti yake alikishona. Nilishuka, nikasimama kando, nikainamisha macho. Moyo wangu ulijaa fahari. Mara nyingine nyuma kulikuwa na kuku wawili. Nikainamisha macho. Kisha kulikuwa na beseni la unga. Kisha mama mkwe mwenyewe, mwanamke mnene wa Kasai, amekaa kwa upande na mwavuli mkononi, na uma ule ulilia walipopita kwenye shimo. Niliusikia. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, nimeinamisha macho, natazama viatu vyangu.

Mkwe alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na siku ya kustaafu nyumba ya kampuni inarudi kwa kampuni. Alikuwa anatafuta kitu cha kufanya. Jumamosi alianza kwenda kwenye vijiji vya barabara ya Mutshatsha kununua makaa na kuyaleta mjini, gunia moja, halafu mawili. Nilimkuta akirudi, magunia yamempita kichwa. Nilimrudia baba mdogo.

"Uende umuambie," nilisema.

"Nimuambie nini? Kama nilidanganya? Ndoa iko karibu. Kiisha ndoa utamutengenezea ingine."

Niliona ni shauri zuri. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: niliona ni shauri zuri, nikarudi kwenye jiliwa langu.

Uma ulikatika kwenye mteremko kabla ya kuingia mjini, asubuhi ya Jumamosi, mbele ya watu waliokuwa wanatoka sokoni. Ulikatika pale pale nilipoupasha moto, matawi yote mawili. Mkwe alitangulia kwa uso, na magunia yakamfuata. Alipoteza meno ya mbele, lakini meno si kitu. Mkono wake wa kulia ulibaki chini ya magunia, umevunjika kifundoni, na hospitalini walipoondoa plasta vidole vilikuwa vimekakamaa. Havikuweza kushika kalamu. Karani asiyeshika kalamu hakuwa na kazi ghalani, na asiye na kazi hakuwa na nyumba kambini. Alikuwa amepoteza katika mteremko mmoja vitu alivyovikusanya tangu ujana wake.

Baba mdogo alisema ni barabara. Alisema hivyo hospitalini, alisema hivyo kwenye pombe, na watu walimwamini kwa kuwa barabara kweli ilikuwa mbaya. Mwezi uliofuata aliitwa kuwa mshenga wa mtu mwingine. Mimi nilimchukia, nikaona chuki hiyo inanipumzisha, nikaishikilia kwa miaka mingi.

Binti alikuja kwangu mara moja tu, kwa miguu, mchana. Hakuketi. Nilikuwa nanyoosha usukani wa mtu, nikauacha ukapoa kwenye jiliwa.

"Ile siku ya mahari," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Nilimuambia Tata mudogo aseme."

"Na mu barabara? Ulikuwa unakutana na Tata na magunia."

"Nilikuwa nasimama. Njo heshima."

Alitazama mikono yangu, si uso wangu. "Unajua juu ya nini Tata alikuwa anapakia vile?" alisema mwishowe. "Batu ba kule kwa makaa balimuambia, hii kinga haina nguvu, unapakia sana. Yeye anabajibu: mukwe wangu njo alitengeneza, mupakie tu."

Alifunga khanga yake vizuri akaondoka, na usukani ulikuwa umeshaganda vibaya, ilibidi niupashe moto upya.

Wiki ya pili baada ya binti kuja, kinga ikarudi. Baba mdogo aliisukuma hadi kwangu juu ya mkokoteni, na nyuma yake vilifuata vitu vingine vya mahari, kimoja kimoja, hadi blanketi. Desturi yetu hapo ni fupi: mahari ikirudi, uchumba umekwisha, na wewe si mkwe wa mtu tena. Taa haikuvunjika. Kengele ilikuwa inalia. Kitambaa cha bluu kilikuwa kimeondolewa kwenye kiti, kwa uangalifu, uzi kwa uzi.

Alasiri ile ile nilichukua uma mnene kutoka msumarini, nikauchonga kwa tupa, nikaufunga. Ulichukua muda niliosema utachukua. King'ora kilikuwa kimelia nilipoanza, na jua lilikuwa bado lipo nilipomaliza.

Nilisikia kwamba wanarudi Kasai. Asubuhi ya safari nilikwenda stesheni na kinga ile. Treni ilikuwa ya kwenda Tenke, ambako wangebadili na kupanda ile ya kupitia Lubudi. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka kubeba masanduku yao, lakini nilipofika yalikuwa yameshapakiwa. Binti alikuwa amekaa dirishani, na mapajani alikuwa na sanduku dogo la kalamu na karatasi la baba yake, maana sasa yeye ndiye aliyekuwa anamwandikia. Baba yake alikuwa bado chini, kwenye changarawe, amesimama peke yake na mkono wake umefungwa kifuani.

Nilikuwa na ruhusa ya kusema naye. Hakuna desturi iliyonizuia tena. Hata hivyo miguu yangu ilisimama kando na kichwa changu kikainama, kwa mazoea.

Yeye ndiye aliyenijia. Hakunisalimu. Aliinama mbele ya kinga, akapitisha kidole gumba cha mkono wa kushoto kwenye uma, kutoka juu hadi chini, polepole, kama pale ghalani. Aliuona unene wake. Aliona kutu ya zamani ndani ya mkunjo, mahali ambapo rangi yangu haikufika. Alikuwa amepokea vyuma maisha yake yote, na alijua kipya na alijua kilichokaa siku nyingi.

"Hii ilikuwa wapi?" aliuliza. Maneno yalitoka vibaya kwa sababu ya meno.

"Kwa musumari, Tata. Mu nyumba yangu."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mbele ya kuleta mahari."

Alitikisa kichwa, kama anayekataa kutia saini, akapanda behewani bila kushikwa. Hayo ndiyo maneno yote tuliyowahi kusema, mimi na yeye.

Binti alikuwa amesikia. Dirisha lilikuwa wazi na sisi tulikuwa chini yake. Aliutazama uma ule kimya, kwa muda mrefu, kama desturi yake kabla ya kusema neno. Nilisimama nikingoja neno hilo, mikono yangu kwenye usukani. Treni iliondoka kabla hajalisema.